Umfikishe wapi mteja wa simu: WhatsApp moja kwa moja, ukurasa mwepesi au WordPress?

Tangazo limeandikwa na hela ya kulisambaza ipo. Linabaki swali moja: mtu akibonyeza, aangukie wapi? Biashara nyingi za Kampala humwangusha kwenye mlango wa tovuti nzima, penye menyu ya vipengele vinane, historia ya kampuni na picha tano zinazopokezana juu. Mteja mwenyewe amesimama kwenye steji ya boda Wandegeya, simu yake ni Tecno ya kawaida, bando ni la siku moja na jua linapiga kioo. Anataka bei, mahali na namna ya kuagiza. Asipoviona mapema anarudi TikTok, na hela ya tangazo imeshaliwa.

Ukurasa wa kutua, ambao vijana wa matangazo huuita lendingi peji, ni ukurasa mmoja wa tangazo moja na tendo moja. Watu huanza kwa kubishana juu ya WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) na rangi za kitufe. Anza na tendo: unataka apige simu, aandike WhatsApp, aache namba yake, au alipe papo hapo? Jibu hilo likipatikana, chaguo la chombo karibu linajipanga lenyewe.

Njia nne zikiwa pamoja

| Njia | Mzigo kwa bando la mteja | Inapofaa | Inapoharibika |
|---|---|---|---|
| Kiungo cha WhatsApp bila ukurasa | Karibu hakuna | Bidhaa chache, bei ya kuelewana, muuzaji yuko macho | Ujumbe ukizidi uwezo wa kujibu |
| Ukurasa mmoja wa HTML (faili la maandishi ambalo kivinjari hulionyesha kama ukurasa) | KB 100 hadi 300 | Tangazo la kulipia, bidhaa moja au tatu | Hakuna wa kubadilisha bei |
| WordPress yenye kiunzi cha kuburuta (plagini ya kupanga ukurasa kwa kuvuta vipande) | Mara nyingi MB 2 na zaidi usipoipunguza | Duka lenye bidhaa nyingi, timu inayoandika kila wiki | Plagini (programu za kuongezea) nyingi, seva dhaifu |
| Huduma ya kujijengea mtandaoni | Huamui wewe | Jaribio la wiki mbili | Ukitaka kuhama |

Ya nne tuimalize hapa hapa. Huduma hizi zinakupa ukurasa jioni moja, nazo si mbaya kwa kujaribu wazo. Lakini skripti zao (programu ndogo za ndani ya ukurasa) zinapakuliwa upende usipende, na ukurasa wako siku ya kuhama hauhamishiki. Ukichukua njia hii, nunua angalau jina lako la tovuti, la .ug, .co.ug au .com, ili siku ya kuondoka viungo vilivyosambaa visife.

WhatsApp bila ukurasa

Hii ndiyo njia wanayoidharau mafundi wa tovuti, na kwa biashara nyingi ndogo ndiyo sahihi. Sababu kubwa ni ya bando. Kuna wateja wenye bando la mitandao ya kijamii tu: WhatsApp inafunguka, tovuti yako haifunguki. Mtu huyo ukimpeleka kwenye ukurasa, hata uwe mwepesi namna gani, ataona kioo cheupe. Tena data hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipofutwa ule ushuru wa mitandao ya kijamii (OTT) wa shilingi 200 kwa siku ulioanza Julai 2018. Mteja anahesabu MB, na anakumbuka nani alimlia.

Kiungo huandikwa hivi: wa.me/ kisha namba kamili ikianza na 256, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi. Kosa linalojirudia ni kuandika wa.me/077 na kuendelea. Hapo WhatsApp humwambia mteja kuwa namba si sahihi, naye hakuambii wewe. Baada ya namba ongeza ?text= na ujumbe ulioandaliwa, nafasi zikiandikwa %20. Ujumbe huo ubebe alama ya tangazo: "Habari, nataka bei ya pampu ya sola P2, nimeona TikTok." Kila tangazo likiwa na alama yake, mwisho wa wiki unahesabu kwenye simu tu, bila programu yoyote ya takwimu.

Upande wa pili wa kiungo kuwe na WhatsApp Business, ambayo ni bure. Ina katalogi ya hadi bidhaa 500, majibu ya haraka, lebo za wateja na ujumbe wa kujibu usiku. Simu kuu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne vingine, kwa hiyo watu wawili dukani wanajibu kwa namba ile ile.

Njia hii huvunjika siku tangazo linapofanikiwa. Watu sitini wakiuliza "bei gani?" kwa saa moja, na mjibuji ni mmoja naye yuko soko la Kikuubo anapakia mzigo, hamsini watakuwa wamenunua kwingine kabla ya jioni. Dalili ya kuhitaji ukurasa ni hii: umejibu swali lile lile zaidi ya mara ishirini kwa siku. Maswali hayo ndiyo maandishi ya ukurasa wako, mpangilio wake ukiwa ule ule wanaouliza.

HTML nyepesi dhidi ya WordPress

Hesabu kwanza. Kipimo cha Lighthouse cha Google, kile kinachotumika kwenye PageSpeed Insights, huiga simu iliyo kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, na safari moja ya kwenda na kurudi kwenye seva ikichukua milisekunde 150. Kwa kasi hiyo ukurasa wa KB 250, yaani megabiti 2 (baiti moja ni biti nane), hushuka kwa sekunde 1.25. Ukurasa wa MB 3 ni megabiti 24: sekunde 15. Hapo bado hujahesabu kwamba kabla ya herufi ya kwanza kufika simu imeshauliza anwani ya tovuti, imefungua muunganisho, imekubaliana usimbaji na kuomba ukurasa. Safari nne, zaidi ya nusu sekunde.

Kwa hiyo uelekezaji wa juu kwa juu ni ghali kuliko unavyoonekana. Kiungo kilichofupishwa kinampeleka mteja kwenye http, http inampeleka https, https bila www inampeleka yenye www: mara tatu anaanza upya kabla hajaona neno. Kwenye tangazo weka anwani ya mwisho kabisa, kama inavyosomeka ukurasa ukishafunguka.

Ukurasa wa HTML ulioandikwa kwa mkono, CSS (maelekezo ya mwonekano) ikiwa ndani ya faili lile lile, bila fonti ya kupakua na bila maktaba ya JavaScript, huwa na KB 15 hadi 30 za maandishi. Zinazobaki ni picha. Pakiti za kwanza ambazo seva hutuma bila kusubiri jibu hubeba kama KB 14. Kichwa cha habari, bei na kitufe vikiingia humo baada ya kubanwa kwa gzip au Brotli, mteja anasoma wakati picha bado inakuja. Kuutunza ni bure: Cloudflare Pages na Netlify hupokea kurasa tuli (zisizobadilika kwa kila mgeni) kama hizi bila malipo. Udhaifu wake ni wa kibinadamu. Aliyeuandika akipata kazi Nairobi, bei ya mwezi wa tatu itabaki ukutani hadi mwezi wa kumi. Kama dukani hakuna mtu anayeweza kufungua faili na kubadilisha "850,000" bila kuvunja mabano, lipia mabadiliko kabla, au chukua WordPress.

WordPress si tatizo. Tatizo ni kiunzi cha kuburuta, mandhari yenye kila kitu na plagini kumi na nne juu yake. Ukiichagua, ukurasa wa tangazo utengeneze kwa kiolezo kitupu kisicho na menyu wala mguu wa tovuti, tumia bloku (vipande vya kupangia ukurasa) za WordPress yenyewe badala ya kiunzi, weka plagini moja ya kache (inayohifadhi nakala ya ukurasa iliyo tayari), na uzime kwenye ukurasa huo skripti za plagini zisizohusika: za fomu kama hakuna fomu, za kikapu kama hakuna kikapu, za picha zinazopokezana kwa hali yoyote. Picha zinazopokezana hazijawahi kumsaidia mtu mwenye kioo cha inchi sita. Anaona ya kwanza, nyingine zinamla bando.

Kipimo cha kufuata kiko wazi. Google huhesabu ukurasa kuwa mzuri ikiwa kitu kikubwa cha kwanza kinaonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa unajibu mguso ndani ya milisekunde 200, na kuruka kwa vitu hakuzidi 0.1, kwa robo tatu ya wanaoutembelea. Kipimo hicho cha pili kilichukua nafasi ya kile cha zamani, FID, Machi 2024, kwa hiyo mwongozo unaozungumzia FID ni wa jana.

Kitufe: simu, WhatsApp, fomu au MoMo

Hapa ndipo ukurasa unapolipa au kutolipa.

Kitufe cha simu, kile cha tel:+256, kinafaa kwa kitu cha haraka au cha bei kubwa: fundi, gari la kubeba mzigo, pampu ya shilingi milioni mbili. Mteja wa makamo anataka kusikia sauti. Namba iandikwe pia kama maandishi, isiwe ndani ya picha, ili aliyepiga picha ya kioo aweze kuisoma na aliye kwenye kompyuta aweze kuinakili. Mtandao ulipozimwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, simu za kawaida ndizo zilizoendelea kuuza. Weka namba mbili na useme ipi ni ya MTN na ipi ya Airtel. Wapo wenye dakika za mtandao wao tu. Andika na saa za kupokea. Tangazo linalosambaa saa nne usiku kwenda kwenye namba inayofungwa saa kumi na mbili jioni ni hela inayomwagwa.

Kitufe cha WhatsApp ndicho cha kuanza nacho kama huna hakika. Mteja hapotezi muda wa maongezi, anabaki na namba yako, anaweza kutuma picha ya kitu anachotaka. Ubaya wake: yeye ndiye wa kwanza kuandika, na wengine hufungua wakaondoka bila kutuma. Ujumbe ulioandaliwa hupunguza hilo.

Fomu ina faida moja kubwa: unabaki na namba hata kama mteja hakumaliza mazungumzo, na unampigia wewe kwa gharama yako. Kwa chuo cha udereva Ntinda au shule inayosajili wanafunzi, hilo ni la thamani. Sehemu ziwe mbili, jina na simu. Ya tatu kama haikwepeki. Barua pepe usiulize kwa mtu unayetaka kumpigia. Sehemu ya simu iwe type="tel" ili kibodi ya tarakimu ijitokeze, iwe na autocomplete="tel" ili simu ijaze yenyewe, na herufi zisiwe chini ya pikseli 16, la sivyo iPhone hukuza ukurasa wote mteja akigusa.

Mahali fomu za Uganda zinapokataa wateja ni kwenye namba. Mmoja anaandika 0772 na kuendelea, mwingine +256 772, wa tatu 256772 kwa nafasi katikati. Pokea zote. Kwenye seva ondoa kila kisicho tarakimu, ikianza na 0 badilisha iwe 256, kisha hesabu: zikitimia 12, pitisha. Usilazimishe 256. Muuzaji wa vitenge vya jumla Kikuubo ana wateja wa Busia ng'ambo, wa Bunia na wa Juba, na namba za Kenya (254), Kongo (243) na Sudan Kusini (211) nazo ni tarakimu 12 zikiandikwa kamili. Fomu inayosema "namba si sahihi" kwa mteja wa magunia hamsini imefanya kazi ya mshindani wako.

Chini ya fomu uweke mstari mmoja unaosema namba itatumika kwa nini na nani ataiona. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa na sababu inayoeleweka, na wanaokusanya taarifa za watu hujisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Kisanduku cha ridhaa kisiwe kimeshatiwa alama.

Malipo ya papo hapo kwa MoMo (pesa ya simu ya MTN) au Airtel Money ndiyo yanayowavutia wenye biashara na ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote. Yanafaa kwa kitu kidogo chenye bei isiyojadiliwa na muuzaji anayejulikana: tiketi, ada ya usajili, keki ya shilingi elfu sabini. Kwa pampu ya milioni mbili kwa duka ambalo mteja hajalikanyaga, hatalipa ukurasani, na kitufe cha "Lipa sasa" kikubwa hivyo kinamtia shaka. Hapo mazungumzo kwanza, malipo ya awali baadaye.

Kuna namna mbili za kulipisha. Ya kwanza ni ya maelekezo: mteja anapiga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel na kufuata hatua ulizoandika, pamoja na namba yako ya biashara. Haikugharimu programu yoyote. Unaweza kuweka kiungo kinachofungua kipigio, lakini alama ya # lazima iandikwe %23, na iPhone hukataa viungo vya simu vyenye nyota au #. Kwa hiyo maandishi ya msimbo yawepo pembeni siku zote. La muhimu kuliko yote: andika jina litakalotokea kwenye kioo wakati wa kulipa. Duka linaitwa Jua Kali Pampu, laini imesajiliwa kwa jina la shemeji. Mteja anaona jina asilolijua, anabonyeza kughairi. Sajili laini ya biashara, au useme wazi: "Litatokea jina fulani, mmiliki."

Ya pili ni ya kiotomatiki, kwa API (mlango wa kuunganisha programu na programu) ya MTN MoMo au kwa wakusanyaji kama Flutterwave, Pesapal na Yo! Payments. Mteja anaandika namba, ombi linatokea kwenye simu yake, anaweka PIN. Kinachoharibika ni muda wa kusubiri. MTN hujibu kwanza kwamba ombi limepokelewa tu. Hali yake hubaki PENDING (inasubiri) hadi iwe SUCCESSFUL (imefaulu) au FAILED (imeshindikana), na ukurasa unapaswa kuuliza tena kila sekunde chache. Ukurasa usiosema chochote wakati huo humfanya mteja abonyeze mara ya pili, na akiidhinisha yote mawili amelipa mara mbili. Dawa ni tatu kwa pamoja: zima kitufe baada ya mguso wa kwanza, onyesha maneno "Angalia simu yako, weka PIN ya MoMo", na tumia namba moja ya kumbukumbu kwa oda moja hata akijaribu tena. Oda ihifadhiwe kabla ya ombi kutumwa. Wengi hutoka kwenye kivinjari kwenda kuweka PIN, na simu yenye kumbukumbu ndogo huufunga ukurasa nyuma yao; wakirudi wakute oda yao, au wapate SMS.

Vitufe viwili kwenye ukurasa mmoja vinaruhusiwa kama kimoja ni kikuu kwa rangi na ukubwa: WhatsApp kubwa, simu ndogo kando yake. Vitatu vyenye uzito sawa vinamfanya mteja afikiri, na akifikiri anaahirisha.

Kioo cha kwanza

Simu nyingi za Android za bei ya chini zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya CSS, na baada ya kuondoa upau wa anwani hubaki kama pikseli 560 za urefu kwenye zile fupi. Ndani ya hapo viingie vitu vitano: kinachouzwa, bei, mahali, picha moja, kitufe. Nembo isizidi pikseli 40 kwenda juu. Wabunifu wanaofanya kazi kwenye kompyuta hupenda picha ya kujaza kioo kizima kwa 100vh (kimo chote cha kioo). Kwenye simu kipimo hicho kinahesabu pia eneo lililofichwa na upau, na kitufe kinazama chini. Tumia 100svh (kimo upau ukiwa unaonekana), na kabla yake uandike kipimo cha pikseli kwa ajili ya Chrome za kabla ya toleo 108, au achana kabisa na picha ya kujaza kioo, ambalo ni shauri letu.

Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 au zaidi na upana wa karibu kioo chote. Upau wa kitufe unaobaki chini ya kioo ni mzuri kwa ukurasa mrefu, mradi ufichwe kibodi inapofunguka. Usipofichwa unaweza kukalia sehemu ya kuandikia namba, na mteja asione anachoandika. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya cheupe yanapendeza ofisini na kupotea juani. Uwiano wa rangi usishuke chini ya 4.5 kwa 1.

Bei iandikwe yote na sarafu yake. Ndani ya Kampala "850,000/=" inaeleweka. Malaba na Busia andika UGX au "shilingi za Uganda", maana shilingi ya Kenya ina thamani ya zaidi ya mara ishirini ya hii yetu, na "/=" ni ya wote wawili. Kuficha bei ili mtu aulize ni ujanja unaoleta ujumbe mwingi na wanunuzi wachache. Kama bei inategemea vipimo, andika inapoanzia.

Mahali paandikwe kama watu wanavyoelekezana: jengo, ghorofa, namba ya duka, na kitu kinachojulikana karibu. Ramani hai ya kupachika ni nzito. Picha ndogo ya mlango wa duka na kiungo cha kufungua ramani vinatosha, na picha ya mlango inaondoa hofu kuliko cheti cha URSB (msajili wa biashara) kilichopigwa picha kikiwa kimepinda. Cheti nacho weka namba yake tu.

Picha, video, urefu

Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu ni MB 3 hadi 5. Ikate iwe pikseli 720 kwa upana, ihifadhi kama WebP kwa ubora wa 70 hadi 75, nayo itashuka hadi KB 40 au 70 bila mtu kuona tofauti. Andika width na height zake kwenye HTML. Zisipokuwepo, picha ikifika husukuma kitufe chini wakati kidole kinashuka, na mteja anagusa kingine. Picha ya juu isicheleweshwe kwa lazy loading (kupakua picha inapokaribiwa tu). Zile za chini zicheleweshwe.

Video isijiwashe. Weka picha yenye alama ya kuchezesha na uzito wake pembeni, "sekunde 40, MB 3". Kutaja MB ni heshima kwa mwenye bando, na wanaobonyeza wanakuwa wamekusudia.

Urefu unategemea bei. Chapati za oda zinahitaji kioo kimoja. Pampu ya sola inahitaji vioo vinne hadi sita: inavuta lita ngapi kwa saa, kutoka kina gani, paneli ngapi, nani anafunga, dhamana ya muda gani, siku ya mawingu inakuwaje. Mtu anayekaribia kutoa milioni mbili anasoma.

Vitu vya hapa ambavyo violezo vya nje havivijui

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na wengi wanaoitumia hupita kwa VPN (programu inayopitisha mtandao wako nchi nyingine). Hilo lina matokeo mawili. Tangazo linalolenga "walio Uganda" linaweza kumkosa mtu wa Kawempe ambaye VPN yake inasema yuko Uholanzi. Na ukurasa wenye kitufe cha kuingia kwa Facebook, kisanduku cha maoni yake au msimbo wake wa kufuatilia wageni (Pixel) unaweza kukwama kwa asiye na VPN, kivinjari kikisubiri seva isiyofikika. Skripti hiyo ikilazimika kuwepo iwe na async (neno la kuizuia isisimamishe ukurasa), na kitufe kisiitegemee kwa lolote.

Kivinjari cha Opera Mini katika hali ya kubana sana huchakata ukurasa kwenye seva zake na kumletea mteja matokeo. JavaScript haifanyi kazi kawaida, fonti za kupakua hazipo, madirisha yanayoibuka huganda. Kitufe kilichotengenezwa kwa skripti kinakufa humo. Kiwe kiungo cha kweli chenye href, na fomu itume kwa njia ya kawaida hata skripti zikizimwa.

Viungo vinavyofunguliwa ndani ya TikTok au Instagram hutumia kivinjari cha ndani ya programu hiyo, ambacho hakijazi jina na namba kwa urahisi. Fomu ndefu huumia zaidi hapo kuliko WhatsApp.

Kiungo kitasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa hiyo weka lebo za onyesho la kiungo: og:title (kichwa), og:description (maelezo) na og:image (picha) yenye pikseli 1200 kwa 630 na uzito chini ya KB 300. Onyesho hilo hutengenezwa na simu ya anayetuma, kwa hiyo mpokeaji huona picha na bei hata kama bando lake halifungui tovuti. Andika bei kwenye og:title.

Lugha: kurasa mbili, moja kwa kila lugha na kila tangazo kwa ukurasa wake, ni bora kuliko kitufe cha kubadilisha. Usikisie lugha kutokana na mipangilio ya simu, maana simu nyingi hapa zimeachwa kwenye Kiingereza hata kwa wasiokipenda. Luganda kwa Kampala na kandokando, Kiswahili kwa Arua, Busia, Mpondwe na wateja wa ng'ambo, Kiingereza kwa ofisi. Andika lang="sw" kwenye HTML, la sivyo Chrome inaweza kudhani ni lugha nyingine na kutaka kuutafsiri.

Kuchagua kwa kupima

Ukitaka kujua kurasa mbili ipi inauza, hesabu kwanza kama una watu wa kutosha. Ukurasa mmoja ukileta wateja 10 kati ya 200 na mwingine 14 kati ya 200, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Kutofautisha asilimia 5 na 7 kwa uhakika unaokubalika kunahitaji karibu wageni 2,200 kwa kila upande. Mwenye wageni mia tatu kwa mwezi asipoteze muda kulinganisha rangi. Alinganishe vitu vikubwa, fomu dhidi ya WhatsApp, bei wazi dhidi ya bei ya kuuliza, na asome ujumbe unaoingia.

Namba ya kwanza kuangalia ni pengo kati ya mibonyezo inayodaiwa na mtandao wa matangazo na wageni wanaohesabiwa na ukurasa. Mibonyezo 500 na wageni 300 maana yake mia mbili hawakufika: ama ukurasa ni mzito, ama walibonyeza kwa bahati mbaya. Chukua Itel au Tecno ya bei ya chini kabisa dukani, weka laini yenye data ya kawaida, zima Wi-Fi, futa kache, kisha fungua kiungo kutoka ndani ya tangazo lenyewe ukiwa nje juani na saa mkononi. Rudia kwa Opera Mini, na mara ya tatu kwa laini ya mtandao mwingine saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko hewani.